Mwandishi wa programu na mwenye programu

Juma lililopita mpwa wangu alinijia nyumbani hapa Mwenge na karatasi za mkataba mkononi. Kampuni moja ya kutengeneza programu za kompyuta imempa kazi, na Jumatatu anatakiwa kutia saini. "Mjomba," akaniuliza, "wewe kazi hii umeifanya. Ina faida, au ni jina tu?"

Swali hilo lilinirudisha mbali. Kompyuta ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu zake kwa kompyuta kwenda mrama. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mafundi wa fani hii walikuwa wa kuhesabu, na ulipokaribia mwaka 2000 tukatafutwa kama maji. Programu nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ikihofiwa kwamba 00 ingesomwa kuwa 1900, na mishahara na riba za benki zivurugike.

Mimi niliajiriwa mwaka 1998. Sitaitaja kampuni. Faida niliziona: mshahara ulikuja tarehe yake, nilikaa meza moja na watu walionizidi ujuzi, na nilipokosea, hasara haikutoka mfukoni mwangu. Ukijifunza peke yako chumbani, kila kosa unalilipia mwenyewe.

Lakini niliandika programu ya kulipia mishahara, nikaikeshea miezi mingi. Nilipoondoka nilipewa barua ya shukrani. Programu ikaendelea kuuzwa ofisi hata ofisi, nami sikuruhusiwa kubaki na nakala ya kumwonyesha mwajiri mwingine. Sikuibiwa, ndugu zangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu kama inavyolinda kitabu, ila kazi uliyoifanya katika ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mkataba wangu haukusema vingine. Wala sikuusoma, nilitazama tarakimu ya mshahara tu.

Mpwa wangu akanijibu upesi: afadhali basi wachonga vinyago wetu wa hapa Mwenge, maana mpingo ni wake na kinyago ni chake mpaka kinunuliwe. Ni kweli. Lakini mwaka 2020, corona ilipozuia watalii, hakuna aliyemletea mchongaji mshahara mwisho wa mwezi. Mwenye ajira alikuwa na mtu wa kumdai.

Jambo la pili ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma. Za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na kila moja ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Sasa, usiku ule wa kuamkia siku ya kumkabidhi mteja kazi yake, nani huuandika? Kazi ya kukaa haitoi jasho, basi hudhaniwa haichoshi. Nilimwambia mpwa wangu awe na daftari lake.

Tukausoma mkataba pamoja, polepole. Ukurasa wa nne unasema kila programu atakayoitengeneza akiwa mwajiriwa ni ya kampuni. Hausemi ni mchana au usiku, ofisini au nyumbani. Na kijana huyu ana programu ndogo aliyomtengenezea mama yake, dada yangu, ya kuweka hesabu za kikundi chao cha vikoba. Bado anaiongezea mambo kila Jumapili.

Kazi nimemshauri aichukue. Ila tumeandika barua ya kuomba programu ile itajwe katika mkataba kuwa ni yake, pamoja na atakayoiongezea. Jumatatu ataipeleka kabla ya kutia saini. Dada yangu ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama kikundi kirudi kwenye daftari.