Jadak, Mwenye Nyumba na Dalali: Habari za Upangaji Kisumu na Nyamasaria

Kila mwaka taarifa hii huonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na habari za waliofiwa na waliosaidiwa. Safari hii tumeona vema kuongeza kurasa chache juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu zetu, ijapokuwa lagusa mfuko wa kila nyumba: kupanga kwa mkono wa dalali. Mtu afikapo Nyamasaria kutafuta riziki mjini, fedha yake ya kwanza huenda kwenye kodi na amana. Akiipoteza hiyo kwa mtu asiyemjua, huanza maisha ya mji akiwa na deni kabla hajatandika kitanda. Twataka basi kueleza desturi hii ilikotoka, maana asiyejua mwanzo wa jambo ni rahisi kuambiwa kwamba ndivyo lilivyokuwa siku zote, naye akasadiki.

Wazee wa kando ya ziwa walijua kukaa katika ardhi ya mwenzio kabla ya fedha kuingia nchini. Mgeni wa namna hiyo Wajaluo walimwita jadak, na wengi wao jodak. Alikuwa mtu wa ukoo mwingine, aliyeletwa na njaa, au ugomvi wa kwao, au ujamaa wa ndoa, akapewa mahali pa kujenga na kulima na wenye ardhi, ndio weg lowo. Hakutozwa kodi. Alidaiwa heshima, msaada wa kazi, na kusimama upande wa wenyeji siku ya shida. Ardhi haikuwa yake, na akikosana nao aliweza kuondolewa. Hatusemi kwamba maisha ya jadak yalikuwa raha tupu; katika karne ya 20, ardhi ilipopungua, jodak wengi waliambiwa waondoke mahali walipozaliwa watoto wao. Lakini hakuja kama jani lililopeperushwa. Aliletwa na shemeji, au mjomba, au rafiki anayejulikana pande zote mbili, na huyo aliyemleta alikuwa shahidi wa mapatano. Neno likiharibika, aliitwa yeye kwanza.

Reli ya Uganda ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Reli na bandari zilitaka watu wa kazi, na watu wa kazi walitaka mahali pa kulala. Wengine walipewa vyumba na waajiri wao. Chumba cha namna hiyo kilifuata kazi: mtu akiachishwa kazi asubuhi, usiku wake hana dari. Tauni nayo iliusumbua mji mchanga, na mwaka 1913 Profesa Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika ya Mashariki. Alishauri mitaa ya Wazungu, Waasia na Waafrika itengwe. Ushauri wa namna hiyo uliwafanya Waafrika kuwa wageni katika mji walioujenga kwa mikono yao, na wengi walijitafutia malazi nje ya mpaka, katika mashamba ya wenyeji.

Shida ya kodi haikuwa yetu peke yetu. Unguja, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, walizijenga wenyewe, lakini ardhi chini yake ilidaiwa na matajiri, na kodi ilipanda hata maskini hawakuiweza. Mombasa, Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa gharama ya maisha mjini, ambamo kodi ya nyumba ilikuwa mzigo mkubwa. Baraza la Jaji Thacker lilipoamua shauri lao, halikuangalia mshahara tu, bali na posho ya nyumba. Kanuni hiyo ya mwajiri kumpa mtu nyumba au fedha ya kutosha kupangia haikufa; imo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mwanachama aliyeajiriwa na asome mapatano yake ya kazi, aone kama posho hiyo imetajwa.

Serikali ya Kenya ilianza kuzuia kupandishwa kodi mwaka 1940, wakati wa vita, na mwaka 1959 ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi, ile iitwayo Sura ya 296. Huangalia nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa ajili yake liko baraza la kusikiliza mashauri. Ndani yake mna neno moja ambalo kila mpangaji wa chumba cha kodi ndogo yampasa alishike. Mwenye nyumba, au wakala wake, au mtumishi wake, akimtoa mpangaji bila idhini ya baraza, au akimsumbua kusudi ahame au alipe zaidi, amevunja sheria na aweza kushtakiwa. Angalieni kwamba wakala ametajwa pale pale pamoja na bwana wake. Kung'oa mlango, kuezua mabati, na kukata maji ili mtu akimbie si nguvu aliyopewa dalali na mtu yeyote.

Ndani ya mji, mpangaji wa nyumba za halmashauri, kama zile za Shauri Moyo, Lumumba na Ondiek, alijua mwenye nyumba ni mji wenyewe. Nje ya mpaka mambo yalikuwa mengine. Nyalenda na Manyatta zilijaa vyumba vya kupanga vilivyojengwa na wenye mashamba, na mpangaji alikaa karibu na mwenye nyumba, mara nyingi katika boma moja. Baada ya Uhuru mashamba yalipimwa na kuandikwa kwa majina ya watu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa mji ulisogezwa mbali, ukameza vijiji vingi vilivyouzunguka, Nyamasaria ikiwa miongoni mwao. Hivyo shamba la urithi likawa kiwanja cha mji, bila mwenyewe kuhama hata hatua moja.

Nyamasaria ilikuwa na bahati ya njia. Barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi yapita hapa, na mtu aweza kufika sokoni Kibuye au bandarini kwa nauli ndogo. Vyumba vikaongezeka. Watoto wa wenye ardhi wakaenda kufanya kazi Nairobi, na wengine ng'ambo ya bahari. Wakatuma fedha za kujenga, na nyumba zikasimama hali wenyewe hawapo. Hapo ndipo dalali alipopata kazi. Mwenye nyumba hayupo, mpangaji hamjui, na mmoja lazima asimame katikati.

Si haki kumtukana dalali kwa jina lake tu. Dalali mwema humwokoa mgeni na kuzunguka siku tatu juani, hukusanya kodi kwa haki, na huita fundi bomba likipasuka. Uovu huingia pale mtu ajitwaliapo kazi hiyo bila kupewa. Huonyesha chumba asichokabidhiwa. Hutoza fedha ya kuangalia tu. Hupokea amana ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu. Au huchukua kodi miezi mingi asiifikishe, mpaka siku mwenye nyumba ajapo na kumwona mpangaji kuwa ndiye mwizi. Ndiyo maana mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi. Kwa sheria hiyo, anayefanya biashara ya kukutanisha watu kwa kuuza, kununua au kupangisha yampasa awe ameandikishwa na bodi yao, na awe na cheti cha kufanyia kazi. Kuuliza cheti hicho si ujeuri.

Sasa twaja kwenye mambo ambayo mpangaji yampasa kuyajua kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza, na ajue dalali ametumwa na nani. Kanuni ya uwakala ni rahisi: fedha aliyopewa wakala aliyeruhusiwa kuipokea, imepokewa na mwenye nyumba, fedha aliyopewa asiyeruhusiwa, imepotea mikononi mwa aliyeitoa mpaka aidai kwake. Basi omba barua ya mwenye nyumba yenye sahihi yake, au zungumza naye kwa simu mbele ya dalali na shahidi. Ukiwa na shaka, daftari ya ardhi iko wazi kwa umma. Kwa nambari ya kiwanja na ada ndogo mtu aweza kujua jina lililoandikwa. Waulize pia majirani, kwa sababu katika Nyamasaria hakuna kiwanja ambacho wazee wa hapo hawajui ni cha nani.

Pili, asitoe fedha kabla ya kuingia ndani ya chumba chenyewe, mchana, na ufunguo ukageuka mlangoni. Akiona, na aone yote: dari, choo, mita ya stima na mita ya maji, na deni la mpangaji aliyetangulia. Tena ardhi yetu ni udongo mweusi wa tambarare ya Kano, nao hushika maji. Mto nao hufurika. Chumba kizuri cha Januari chaweza kuwa kisima mwezi wa Aprili. Tazama alama ya maji ukutani, kisha muulize mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hana cha kuuza.

Tatu, mapatano yawe katika maandishi, hata yakiwa ukurasa mmoja: majina, chumba, kodi, tarehe ya kulipa, kiasi cha amana na masharti ya kuirudisha, nani atengeneze kilichoharibika, na notisi ya kuhama. Mahali ambapo muda haukutajwa na kodi hulipwa kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huuhesabu upangaji kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake isipungue mwezi. Kodi ikilipwa kwa M-Pesa, iende kwenye nambari iliyoandikwa katika mapatano. Nambari ikibadilika, mwenye nyumba na aandike. Ikilipwa taslimu, stakabadhi itolewe papo hapo. Neno la mdomo hupeperuka, karatasi hubaki.

Nne, ajue mipaka ya nguvu za dalali. Deni la kodi ni deni la kweli, wala chama hakitamtetea mtu anayekaa bure kwa hila. Lakini dalali hana ruhusa ya kubeba kitanda na redio ya mpangaji kwa hiari yake; kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, na kazi hiyo ni ya watu wenye hati ya kuifanya. Na amana iliyozuiliwa bila sababu yaweza kudaiwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Atakachoulizwa ni karatasi zake.

Tukiyapima haya yote, twaona kwamba kilichopotea njiani ni yule shahidi wa jadak. Siku hizi mpangaji huulizwa kitambulisho, kazi yake, na jina la ndugu wa kumdhamini, na hayo ni haki. Dalali haulizwi kitu. Mgeni anayeleta godoro hudhaminiwa, na anayepokea fedha hadhaminiwi. Zamani mtu wa katikati ndiye aliyebeba dhamana kubwa kuliko wote. Leo ndiye pekee asiyebeba yoyote.

Kwa hiyo Kamati yatoa shauri kwamba kila mwanachama anayetaka kupanga amjulishe katibu, ili mmoja wetu mkaaji wa hapa afuatane naye siku ya kuona chumba na siku ya kutia sahihi, na nakala ya mapatano iwekwe katika jalada la chama. Kazi hiyo haitahitaji mchango wa ziada. Itahitaji mtu kuacha shughuli zake saa mbili kwa ajili ya mwenzake. Majina ya waliokubali kuifanya yatasomwa katika mkutano mkuu, na nafasi iko kwa wengine kujiandikisha.