Sala ya Mume na Mke katika Kwaresima: Cyprien na Daphrose wa Rwanda



Kwaresima ya huku kwetu Ruvuma huangukia majira ya mvua na palizi. Ijumaa jioni, jembe likishawekwa chini, wanaofika kwenye Njia ya Msalaba wengi wao ni akina mama; akina baba huonekana zaidi Jumapili ya Matawi. Hatusemi hayo kwa kumlaumu mtu. Lakini swali hujitokeza katika jumuiya zetu: mke anayesali peke yake miaka nenda miaka rudi, je, ndoa yake inasali?

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anataka wenzi wanaojinyima kwa ajili ya sala wafanye hivyo kwa mapatano, na kwa muda tu. Sura hiyo hiyo inasema pia kwamba mume asiyeamini hutakaswa kwa mkewe. Tuyaweke maneno hayo mawili pamoja, kisha tuwatazame jirani zetu wa Rwanda.

Cyprien Rugamba alikuwa mseminari kabla ya kuacha seminari, na imani nayo ikamtoka. Akawa msomi wa historia, mshairi na mtunzi wa nyimbo na ngoma, na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya taifa huko Butare. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga, mwalimu na Mkatoliki wa kweli. Ndoa ilianza vibaya. Kwa uvumi wa uongo uliomhusu mkewe, Cyprien alimrudisha kwao; baadaye wakarudiana, lakini mume akazaa mtoto nje ya ndoa. Daphrose alimpokea mtoto huyo nyumbani mwake. Ni rahisi kulisoma jambo hilo kwa haraka. Mwanamke yeyote anayetusoma anajua uzito wake.

Aliendelea kusali, naye mume akiidharau imani yake, kwa muda wa miaka 17. Mwaka 1982 Cyprien aliugua vibaya, na katika ugonjwa huo akamrudia Mungu. Akamwomba mkewe msamaha. Tukihesabu, kuanzia 1983 Mungu aliwajalia Kwaresima 12 wakiwa na imani moja: Misa, rozari pamoja na watoto, kuabudu Ekaristi Takatifu. Mwaka 1990 walianzisha nchini mwao Jumuiya ya Emmanuel, na Daphrose akawa anawalisha watoto wa mitaani wa Kigali. Cyprien, aliyekuwa akitunga kwa sifa za wakubwa, sasa alitunga nyimbo za ibada.

(Kanisa lenyewe, tukubali, limechelewa kuwatazama watakatifu wawili wawili. Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Italia, waliotangazwa wenyeheri mwaka 2001, ndio wenzi wa kwanza kupewa heshima hiyo kwa pamoja. Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, walitangazwa watakatifu mwaka 2015.)

Kwaresima yao ya mwisho ilianza Jumatano ya Majivu, tarehe 16 Februari 1994. Pasaka ikawa tarehe 3 Aprili. Jioni ya tarehe 6 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji ya kimbari yakaanza. Usiku ule familia ilikesha mbele ya Ekaristi Takatifu iliyokuwa imewekwa nyumbani mwao. Asubuhi ya tarehe 7, Alhamisi ya Oktava ya Pasaka, askari waliingia wakawaua Cyprien na Daphrose pamoja na watoto wao sita.

Jimbo Kuu la Kigali lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenyeheri mwaka 2015. Na watoto wa mitaani wangali wanapokelewa mjini Kigali, katika kituo chenye majina ya wote wawili.