FAHAMU: Kete za chess zina jina la mchezaji, mafundi waliozikereza hawatajwi

Mwaka 2016 ilipotoka Queen of Katwe, filamu ya binti wa Kampala, Phiona Mutesi, ambayo Lupita Nyong'o alicheza kama mama yake, watu wengi wa huku kwetu waliiangalia chess kwa macho mapya. Mwaka 2020 ikaja The Queen's Gambit ya Netflix, na duniani kote watu wakakimbilia kununua mbao za kuchezea na kete zake. Ila wote walikuwa wanamtazama mchezaji. Ile kete aliyoishika mkononi, nani aliitengeneza?

Tuanzie mbali kidogo. Mchezo huu ulianzia India, karibu karne ya 6, ukaingia Uajemi, kisha Waarabu wakauita shatranj. Ndiyo maana sisi tunasema sataranji. Katika nchi za Kiislamu kete nyingi zilikuwa maumbo tu, hazina sura ya mtu wala mnyama. Ulaya mafundi wao walipenda kuchonga sura kabisa. Mwaka 1831, katika kisiwa cha Lewis huko Scotland, zilipatikana kete za karne ya 12 zilizochongwa kwa meno ya walrasi: wafalme wamekaa kwenye viti na malkia wameshika shavu kama waliochoka na mambo ya dunia. Leo zinapendwa sana, lakini aliyezichonga hajulikani.

Shida ikaja karne ya 19, mashindano yalipoanza kushika kasi. Kila sehemu ilikuwa na mtindo wake wa kete. Ujerumani kulikuwa na kete ndefu, nyembamba, zimejaa mapambo. Ukizigusa kidogo tu zinaanguka. Uingereza nako ilikuwa mitindo juu ya mitindo. Mgeni anakaa mezani, anaanza kujiuliza: hii ni malkia au askofu? Hebu fikiria kupoteza mechi kwa sababu umechanganya kete!

Dawa ilipatikana London. Tarehe 1 Machi 1849, bwana mmoja aitwaye Nathaniel Cooke alisajili muundo mpya wa kete. Septemba mwaka huohuo karakana ya familia ya Jaques, iliyoanza kazi mwaka 1795, ikaziingiza sokoni. Ili ziuzike, likatafutwa jina kubwa. Howard Staunton ndiye aliyekuwa anatamba wakati ule: mwaka 1843 alimfunga Mfaransa Saint-Amant kule Paris, na alikuwa anaandika safu ya chess katika gazeti la Illustrated London News. Yeye akazisifia kete, na kete zikaitwa Staunton. Matoleo ya mwanzo yalibandikwa lebo yenye saini yake. Kumbe mambo ya staa kutangaza bidhaa hayakuanza Instagram!

Sasa kwa nini muundo huu ulishinda? Sifa zilisaidia, lakini siri nyingine iko kwenye mashine ya kukereza. Kukereza ni ile kazi iliyotengeneza miguu ya mviringo ya vitanda vya zamani vya Lamu na Zanzibar: mti unazungushwa, fundi anaukata kwa patasi huku unazunguka. Kete za Staunton ni kama zilibuniwa kwa ajili ya kazi hiyo. Seti moja ina kete 32. Kati ya hizo, 28 zinatoka kwenye mashine karibu zimekamilika. Kinachobaki ni kumkata askofu mfereji kichwani, kumtolea malkia meno ya taji, kuipasua ngome juu na kumwekea mfalme msalaba wake.

Usidhani ni kazi rahisi. Mti lazima ukauke vizuri, la sivyo kete itapasuka baada ya kuuzwa. Kete nyeupe zilitokana na mti uitwao boksi, unaokua polepole na wenye nyuzi laini sana. Nyeusi zilitokana na mti mweusi wa ebony, mgumu na mwepesi wa kupasuka. Halafu kuna wale askari 16. Kutengeneza mmoja mzuri si shida. Shida ni kumtoa wa 16 akiwa sawasawa na wa kwanza, shingo ileile, kichwa kilekile. Fundi anapima, anakata kidogo, anapima tena. Baadaye anapiga msasa, anatoboa chini na kuweka risasi ili kete iwe nzito isianguke ovyo, kisha anabandika kitambaa laini isikwaruze ubao.

Bado kete 4, nazo ni farasi. Hapo mashine inatengeneza kitako tu. Kichwa kinachongwa kwa mkono: pua, masikio, macho, manyoya ya shingoni. Inasemekana mfano wake ulichukuliwa kwenye kichwa cha farasi wa marumaru kilichotoka hekalu la Parthenon, Athens, ambacho kiko British Museum. Mpaka leo mnunuzi anayejua kete anaanza kumtazama farasi kabla ya kuuliza bei.

Angalia majina yalikoishia sasa. Staunton ana saini kwenye boksi. Jaques ana muhuri chini ya mfalme. Hata farasi na ngome wa upande wa mfalme walipigwa alama ndogo ya taji ili wasichanganywe na wenzao. Lakini aliyesimama kwenye mashine akikereza askari kutwa nzima, na aliyechonga lile sikio la farasi, hawakuandikwa popote, si kwenye kete wala kwenye lebo.

Na mambo hayajabadilika sana. Siku hizi kete nyingi nzuri za mti zinatoka Amritsar, India. Mwaka 2013 zilipotoka kete mpya za mashindano ya dunia, mbunifu wake, Daniel Weil, alitajwa kila mahali. Wachongaji wa farasi, ambao kazi yao huchukua miaka kuifahamu na hawako wengi, walibaki kuitwa "mafundi" tu.

Nasi tusiwacheke Wazungu. Mpingo wetu unasafiri kwenda ng'ambo, unakerezwa kuwa klarineti na watu wanaupigia makofi ukumbini. Kinyago cha mpingo nacho kinauzwa kwa mtalii, akiuliza nani kakichonga, anajibiwa "Mmakonde". Mmakonde gani? Ana jina huyo.

Je, mtaani kwako yupo fundi wa kukereza au kuchonga? Kazi yake unaijua, jina lake kamili unalijua? Tupia maoni yako hapo chini.