Swichi Iliyokuja na Giza

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Siku tatu za mwanzo tuliambiana utarudi tu. Siku ya nne nikaanza kupata kazi, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimetengeneza nyaya kumi na moja ambazo leo nazitaja kwa haya: kila mmoja ulikuwa na plagi pande zote mbili.

Mtu akinunua kijenereta cha petroli sokoni Darajani, ananiita. "Fundi, nataka nyumba nzima iwake, si feni moja." Kumfanyia wayaringi ya pembeni ni gharama. Waya wa plagi mbili ni kazi ya robo saa: upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba inawaka. Umeme unaingia kwa mlango wa uani.

Tulikuwa hatujazoea. Tangu 1980 Unguja ilitegemea kebo moja ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba, yenye uwezo wa megawati 45. Kabla yake mji uliwashwa kwa mitambo ya dizeli hapa hapa kisiwani. Kebo ilipokuja, jenereta ikabaki kitu cha hoteli na hospitali, na mimi nilikuwa nafunga taa na feni tu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa laini, mtu mzima kwangu. Wiki ya pili ya giza alipanda nguzo ya mtaani petu kukaza waya uliolegea. Alikuwa ameshachomoa fyuzi, zimebaki nyumba tatu upande wake. Kwa mazoea tu akagusisha kipima umeme. Kikawaka. Akashuka, akaniita.

"Kebo ya bara imekufa. Fyuzi ninazo mfukoni. Umeme huu umetoka wapi, mwanangu?"

Tukafuata mngurumo kichochoroni. Nyumba ya pili, swichi kuu haijazimwa, na waya wangu umechomekwa ukutani.

Akanieleza palepale barazani. Umeme wa jenereta ukiachiwa njia, hupita kwenye mita kinyumenyume na kutoka hadi kwenye laini. Aghalabu kijenereta hulemewa na mafriji ya majirani kikazimika. Lakini zikibaki nyumba mbili tatu, kinaziweza. Na ukifika kwenye transfoma, balaa: ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 za mtaani, ukiilisha kwa chini inazipandisha tena.

Dawa yake imo kwenye kanuni za wayaringi, nazo ni kongwe. Waingereza walitoa kanuni zao za kwanza za wayaringi mwaka 1882, Wamarekani wakatoa zao 1897, wote wakihofia moto. Kuhusu jenereta ya akiba kanuni zao za leo zinakutana: isiwezekane kabisa ikagusana na laini ya mji. Iwe pia na swichi yake ya kuitenga, na pale penye mita pawe na kibao cha kumwambia fundi kwamba nyumba hii ina umeme wa pili. Toleo la Marekani la 2020 limeongeza kizimio cha dharura nje ya nyumba za makazi.

Kinachozuia kugusana huko ni swichi ya chenjiova, yenye mpini mmoja na nafasi tatu. I ni umeme wa mji, II ni jenereta, 0 katikati ni kimya. Kutoka I kwenda II lazima upite 0. Uzuri wake ndio huo: haitegemei mtu kukumbuka. Aliyeamka usiku na usingizi machoni, au mtoto, hawezi kuunganisha pande mbili.

Giza la pili lilikuja tarehe 10 Desemba 2009, likakaa hadi 9 Machi 2010. Safari hii nilikataa kutengeneza waya. Bibi mmoja mwenye duka la vitambaa alinilaumu: "Swichi ya nini, mwanangu, na ule waya wako ninao?" Nikampeleka kwa jirani yake, ambaye umeme ulirudi ile Juni jenereta yake ikiwa bado inanguruma na imechomekwa ukutani. Koili zilikuwa nyeusi kama mkaa. Alizitazama, akaniambia, "Haya, funga."

Mwaka 2013 tulipata kebo mpya ya megawati 100, kwa fedha za Marekani. Giza la namna ile halijarudi, lakini jenereta zimo chini ya ngazi, na nyaya zimo humo humo. Nimepita nyumba hadi nyumba kuzitafuta zangu na kuzikata kwa koleo. Nimepata tisa. Mbili bado zipo mahali fulani Unguja. Ukikuta waya wenye plagi pande zote mbili, usiulize ni wa nani. Ukate.