Nishtamali: Mahindi Yaliyopikwa kwa Chokaa

Mtu atakaye kupika nyumbani kwake tlacoyo, yaani ule mkate bapa wa mahindi uliochongoka ncha mbili na wenye maharagwe ndani, ambao wanawake wa Jiji la Mexico huuchoma kandokando ya njia mbele ya macho ya mnunuzi, aghalabu huanza kwa unga wa sembe, akaukanda kwa maji ya uvuguvugu, kisha akastaajabu kuona donge linapasuka na kumeguka kila alibanapo. Kosa si la mikono yake. Mahindi hayana ule mnato wa ngano, na unga wa Meksiko hushikamana kwa kuwa punje zake zimepitia kazi maalumu kabla ya kusagwa.

Punje zilizokwisha kufanyiwa kazi hiyo wenyewe huziita nixtamal, neno litokalo katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambamo nextli ni majivu na tamalli ni donge la mahindi lililopikwa. Majivu yametajwa kwa haki, maana palipokosekana chokaa jivu la kuni lilitosha. Wahispania walipoiandika lugha hiyo katika karne ya 16 waliitumia herufi x kwa sauti ambayo sisi tunaiandika sh. Basi mfasiri anayefuata macho ataandika "nikstamali" na kuutwika ulimi wa Mswahili mzigo usio wa lazima, hali sauti ya asili tunayo, tena ikifuatana na t vilevile, kama katika mashtaka na mshtuko. Kwa hiyo mimi nasema nishtamali. Ama kitendo chenyewe, wapo watakaopenda kukiita "unishtamalishaji", wala siwazuii, ila nachelea kwamba neno refu kiasi hicho litafia kamusini kabla halijafika jikoni. Kupika kwa chokaa kwatosha.

Lakini kusema "kukoboa" hakufai, japo kazi zote mbili huondoa ganda. Mchi na kinu huling'oa ganda kwa nguvu, na mara nyingi kiini huenda pamoja nalo. Chokaa hulilainisha na kuliyeyusha, kiini kikabaki mahali pake, na wanga ukapata ule mnato tulioukosa katika sembe. Zaidi ya hayo, chokaa huifungua niasini, vitamini iliyomo katika mahindi lakini imefungika hata mwili hauwezi kuipata. Ulaya iliichukua mbegu ikaiacha chokaa ng'ambo, na mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alikuwa akieleza maradhi mageni ya ngozi miongoni mwa maskini wa Asturias, Hispania, waliokuwa wakiishi kwa mahindi: ndiyo pelagra, itokanayo na kukosa niasini. Maradhi hayo hayo yaliwashika maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1990, karanga zilipoadimika katika mgao wao na mahindi yakabaki kuwa ndiyo tegemeo.

Kwa kilo 1 ya mahindi meupe makavu, chukua lita 3 za maji na gramu 10 za chokaa iliyozimwa, iliyo safi ya kuliwa, si ya waashi. Mtu wa pwani hana sababu ya kuiogopa, kwani watafunaji wa tambuu wameitia kinywani tangu enzi na enzi. Sufuria isiwe ya alumini, maana chokaa huila. Mara mahindi yakutanapo na chokaa hugeuka manjano, na baada ya kuchemka kwa moto mdogo muda wa nusu saa au zaidi, toa punje moja uisugue kwa vidole: ganda liteleze na kutoka kama utelezi, na ukiing'ata, katikati uone bado nukta nyeupe isiyoiva. Hapo epua, funika, na uache mpaka asubuhi.

Kukicha, mwaga maji, osha punje na kuzisugua, ila usizisugue hata ukamaliza maganda yote, kwa kuwa mabaki yake husaidia kushikamanisha. Asiye na jiwe la kusagia atumie mashine ya mkono ya kusagia nyama, apitishe mara mbili, akinyunyiza maji kidogo kidogo mpaka donge libanwe bila kupasuka ukingoni. Kwa desturi halitiwi chumvi wala mafuta. Litandaze kiganjani, tia maharagwe yaliyopondwa yakawa mazito, kunja, chongoa ncha mbili, na choma pande zote juu ya kikaango cha chapati kilicho kikavu. Juu yake hutiwa majani ya mpungate yaliyopikwa, vitunguu, kotmiri, jibini na pilipili ya kusaga. Iliwe moto, kwani tlacoyo ikipoa hukakamaa, na hata ukiipasha tena hailainiki. Ndiyo maana wauzaji wa Mexico huitengeneza mteja akiwa amesimama.