Mgongo Uliopinda na Upasuaji wa Ng'ambo

Leo tuzungumzie skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda kwenda upande. Wengi mnaniuliza kuhusu kumpeleka mtoto ng'ambo akapasuliwe. Kabla hujaitisha harambee, sikia upasuaji huu ulikotoka.

Mwaka 1914, huko New York, daktari Russell Hibbs alianza kuunganisha pingili za mgongo wa namna hii ili zishikane kama mfupa mmoja. Mtoto alikaa ndani ya plasta miezi mingi, na mara nyingine mfupa haukushika, mgongo ukapinda tena. Baadaye, mjini Houston, Paul Harrington alihudumia watoto waliopindishwa migongo na polio. Akabuni fito za chuma zenye kulabu, akaziandikia madaktari wenzake mwaka 1962. Zilinyoosha kweli. Lakini kulabu nyingine zilichomoka, fito nyingine zikavunjika, na miaka ilipopita baadhi ya wagonjwa walikuta kiuno kimekuwa bapa, hata kusimama wima kunawachosha. Hayo hayakuonekana siku ya kutoka hospitali.

Hofu kubwa ilikuwa kupooza, maana mishipa ya fahamu imo humo humo mgongoni. Mwaka 1973 Stagnara na wenzake wa Ufaransa walieleza mbinu yao: katikati ya upasuaji walipunguza dawa ya usingizi, wakamwambia mgonjwa asogeze miguu. Asiposogeza, chuma kililegezwa upesi. (Nilipofundishwa haya mwili ulinisisimka!) Siku hizi, penye vifaa, mashine hupima neva wakati wa upasuaji.

Hatari zimepungua, hazijaisha: kupoteza damu, kidonda kuingia viini, mfupa kutoshika, kurudishwa thieta. Viini huweza kujitokeza wiki, miezi, hata miaka baadaye, na aliyempasua mtoto yuko mbali. Mama mmoja alituletea bintiye kliniki, kidonda kinatoa usaha. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa risiti tu. Hatukujua amewekewa chuma gani wala amepewa dawa gani.

Hapa Kenya pia wapo madaktari wanaofanya upasuaji huu, waone kwanza. Ikibidi kusafiri, mtafute hapa nyumbani atakayekubali kumfuatilia mtoto. Uliza kama wana mashine ya neva, na ni lini salama kupanda ndege. Rudi na ripoti ya upasuaji, picha za eksirei na jina la vyuma. Akipata homa, usaha au ganzi miguuni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.