Mshona Nguo wa Gereza la Great Yarmouth

Great Yarmouth ni mji wa bandari na uvuvi katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Humo limo jengo la mawe liitwalo Tolhouse, lililosimama tangu Enzi za Kati. Ngazi yake iko nje, inapanda ubavuni mwa ukuta hadi mlango wa ghorofani. Huko juu walikaa mahakimu. Chini yao walifungiwa wafungwa. Kwa hiyo aliyehukumiwa hakuwa na safari ndefu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 gereza hilo halikuwa na kasisi wala mwalimu. Mabaharia, wavuvi, wapitisha magendo, wezi wadogo na vijana waliowatoroka mabwana zao walirundikwa chini ya ulinzi wa bwana jela, wakaachwa hivyo. Siku zilikwisha kwa kamari, matusi na ngumi, na Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Bunge lilipitisha sheria ya magereza mwaka 1823, lakini iliyagusa hasa magereza makubwa. Viji-gereza vya miji midogo kama hiki viliachiwa halmashauri zao, nazo zilichunga zaidi matumizi.

Sarah Martin alizaliwa mwaka 1791 na kulelewa na bibi yake katika kijiji jirani cha Caister, baada ya kufiwa na wazazi. Riziki yake ilikuwa sindano: alikwenda kushona majumbani mwa watu mjini kwa ujira wa shilingi 1 na ushei kwa siku, mwendo wa miguu kwenda na kurudi. Njiani alilipita gereza, na kwa miaka mingi alitamani kuingia, asimwambie hata bibi yake. Mwaka 1819 mjini kulivuma habari za mama aliyefungwa kwa kumpiga mtoto wake kikatili. Martin akaenda kuomba kumwona. Alikataliwa, akaenda tena, akafunguliwa. Alipomweleza yule mama kilichomleta, mama aliangua kilio, akamshukuru.

Atajwaye kwanza panapozungumzwa habari za waliowahangaikia wafungwa ni Elizabeth Fry, na anastahili. Fry aliingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akaunda chama cha kuwasaidia wafungwa wa kike mwaka 1817, na mwaka uliofuata akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Lakini Fry alikuwa binti wa mwenye benki wa Norwich, mji usio mbali na Yarmouth, na shemeji yake, Thomas Fowell Buxton, alikuwa mbunge. Alipobisha hodi, milango ilikuwa tayari kusikiliza. Martin hakuwa na shemeji wa namna hiyo. Kila siku aliyoitumia gerezani ilikuwa siku asiyolipwa, naye akaamua kutoa siku moja nzima ya kazi kila wiki.

Alianza kwa kuwasomea Biblia. Kisha akawafundisha kusoma na kuandika. Alipoona hawana ibada ya Jumapili, akawashawishi wasomeane wenyewe. Baadaye akaongoza ibada yeye, tena kwa mahubiri aliyoyaandika mwenyewe, jambo ambalo kanisani asingeruhusiwa. Halafu ikaja kazi ya mikono, na hapa ndipo ufundi wake ulipofaa. Mwaka 1823 alipewa pesa kidogo za sadaka, akanunua kitambaa, wanawake wakashona nguo za watoto wachanga, zikauzwa, faida ikanunua kitambaa kingine. Wanaume walitengeneza kofia za mabua na vijiko vya mifupa. Kutokana na mtaji usiozidi pauni 8, mauzo yalipita pauni 400 kadiri miaka ilivyosonga. Sehemu ya fedha iliwasaidia waliotoka kifungoni waanze upya.

Kwangu mimi, kubwa kuliko yote hayo ni daftari zake. Aliandika mfungwa ni nani, kosa lake nini, anajua kusoma au hajui, amejifunza nini. Na mfungwa alipotoka, Martin aliendelea kumfuatilia: kapata kazi, karudia ulevi, au karudi Tolhouse? Hukumu za mahakimu ziliishia siku ya kufunguliwa mlango. Zake zilianzia hapo.

Tusimpake sukari kupita kiasi. Hakuipinga sheria iliyowafunga watoto na maskini kwa vitu vya peni chache. Aliamini kwamba ubaya umo moyoni mwa mtu na dawa ni toba, na nadhani wapo waliotikisa kichwa kumridhisha tu, kisha wakarudia yaleyale. Ila alikuwa akiwauliza habari zao na kuwasikiliza, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuulizwa.

Mwaka 1835 serikali iliweka wakaguzi wa magereza. Mmoja wao alifika Yarmouth Jumapili ya tarehe 29 Novemba, akahudhuria ibada ya Martin, na ripoti yake ikaisifu sauti yake, hotuba yake na utulivu wa wafungwa. Halmashauri ilipoona hivyo ikataka kumlipa. Martin akakataa: wafungwa wangemwona mtumishi wa jela kama wengine, na neno lake lingepoteza uzito. Wakubwa hawakupenda kukataliwa. Mwaka 1841 walimfahamisha kwamba akitaka kuendelea kuingia gerezani atafuata masharti yao, na sharti lilikuwa kupokea mshahara wa pauni 12 kwa mwaka.

Akapokea, kwa shingo upande. Wakati huo bibi yake alikwisha kufa, na kazi ya kushona ilikuwa imemponyoka karibu yote, kwa kuwa wateja hawamngoji fundi anayeshinda jela. Pauni 12 hizo alizipata miaka miwili tu. Alifariki tarehe 15 Oktoba 1843, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa Caister. Gereza la Tolhouse lilifungwa mwaka 1878, serikali kuu ilipoyachukua magereza yote ya nchi mikononi mwake. Bomu la vita lililiharibu jengo mwaka 1941, likajengwa upya, na leo ni makumbusho. Mgeni anaruhusiwa kuingia hadi ndani ya seli.